Asiye na Kitovu

Sauti ile ilianza adhuhuri, jua likiwaka juu ya bati, na labda ndiyo maana Joviana hakuiogopa mara ya kwanza, kwa sababu nani anategemea kitu kibaya mchana kweupe, wagonjwa wamejaa barazani na kuku wanaparura chini ya dirisha? Ilikuwa sauti ya mtu anayefyonza pombe kwa mrija, kibuyu kinapokaribia kuisha. Frrr. Kimya. Frrr tena, polepole, ya mtu asiye na haraka. Ilitoka chumba cha dawa. Joviana, mwanawe Kokubanza mgongoni, akatikisa kichwa. Protase huyo, akasema moyoni, leo hata jioni hakuingoja.

Kisha akatazama nje akamwona Protase uani, ameinamia karai, ananawa mikono.

Frrr, ikasema sauti nyuma ya mlango.

Akausukuma mlango. Hakuna mtu. Chupa zilikuwa mahali pake, lakini kigoda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba, na hewa ilinuka rubisi, ile pombe ya ndizi, iliyochacha mno, pamoja na tope la bondeni. Juu ya kigoda lilikaa ganda la kahawa lililopasuliwa, bado limelowa mate.

Dispensari hiyo ilikuwa juu ya kilima, njia ya kwenda Nyakakika, miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru, na waliofanya kazi humo walikuwa wawili tu: Protase, dresa, mfunga vidonda na mzalishaji na mpiga sindano, yote yeye, na Joviana, mhudumu wake, aliyesomeshwa na masista mpaka akajua kusoma majina ya dawa. Kwamba Protase anakunywa, watu wote walijua kuanzia Kihanga mpaka Rugu. Na wote waliijua mikono yake. Hata akiyumba mlangoni, akishika sindano mkono ulitulia kama jiwe. Mikono hiyo ndiyo iliyomtoa Kokubanza tumboni, mtoto aliyekuja kwa miguu, kitovu kimemzunguka shingoni, Joviana mwenyewe akiwa amekwisha kuuaga ulimwengu.

"Mtu kama huyu hapewi asante ya mdomo," alisema mumewe, Gosbert, na akafanya naye omukago.

Omukago ni undugu wa damu. Wanaume wawili huchanjwa karibu na kitovu, zikachukuliwa punje mbili zinazolala katika ganda moja la kahawa, zikapakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo nyumba yake ni yako, aibu yake ni yako, na ukimsaliti punje ile huvimba ndani mpaka tumbo lipasuke. Siku ile Joviana alikuwapo, kichanga mkononi, akanyoosha kiganja kwa utani: "Na mimi je? Si ndiye niliyezaa?" Wanaume wakacheka hadi wakapaliwa. "Mwanamke hali kahawa ya omukago, binti," mjomba wa Gosbert akamwambia. "Mwanamke ni mgeni wa ukoo. Leo yupo, kesho karudi kwao." Joviana akaurudisha mkono wake. Hakusahau.

Sasa mikono ya Protase ilikuwa imeanza kutetemeka.

Ilikuwa wiki ya mvua. Mama mmoja alileta mtoto wa kikohozi, Protase akamimina dawa kwenye kijiko, na Joviana aliyekuwa akipita na ndoo akasikia harufu kabla hajaona: lisoli, ile ya kusugulia sakafu. Akakipiga kijiko kikaruka. Dawa ikachemka povu sakafuni, mama wa watu haelewi, anauliza tu kulikoni, na Protase amesimama analitazama lile povu kama mtu aliyeamshwa. Ndipo sauti ikasema, laini, "Asante, shemeji." Mdomo wa Protase ulikuwa umefumba. Joviana aliuona umefumba.

Na bado. Kesho yake alizalishwa mwanamke wa kijiji cha chini, damu ikawa nyingi, Joviana akaliacha beseni chini ya kitanda akatoka kuteka maji, akarudi. Beseni lilikuwa tupu. Halikumwagika, sakafu kavu. Lilikuwa tupu na linang'aa kama limeoshwa, na ukingo wake umelowa mahali pamoja tu, mahali mtu angeweka mdomo.

Hapo akakata shauri. Alhamisi mkaguzi wa dispensari angekuja kutoka Bukoba, Bwana Placidius, na Joviana angemwambia. Angemwambia kwa sababu Adelgunda, wifi yake, alikuwa na mimba ya mapacha, tumbo limeshuka, angezalia kwenye kitanda kilekile, kwa mikono ileile, beseni lilelile likiwa chini yake. Mkaguzi akishaondoka, hakuna mwingine wa kumwambia mpaka misimu igeuke.

Alimweleza Gosbert alasiri, wakiwa kibanjani wanapogoa migomba.

"Usiseme," Gosbert akajibu hata hajamaliza. "Nimemeza damu yake, Jovi."

"Umemeza, ndiyo. Na Adelgunda? Dada yako wa tumbo moja?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo na lisoli ipo."

"Usinichekeshe, mke wangu, si jambo la kucheka." Akafungua shati. "Gusa hapa."

Akagusa. Tumbo la Gosbert, mtu mwembamba huyo, lilikuwa limejaa, gumu kama boga lisiloiva, na chini ya ngozi, pale alipochanjwa, kitu kidogo cha mviringo kilisogea chini ya kidole chake.

"Limeanza juzi," Gosbert akanong'ona. "Hujasema hata neno. Umewaza tu, na limeanza."

Mvua ikaja kwa ghafla juu ya majani ya migomba, wakabanana chini ya jani moja, mtoto katikati, na katika kelele ile yote ya maji Joviana akaisikia, hatua chache tu nyuma ya mashina, frrr, frrr, na harufu ya rubisi na tope, kisha sauti yenye adabu, sauti ya mgeni mwema anayebisha hodi: "Shemeji. Kwani tumekukosea nini?"

"Usimjibu," Gosbert akasema, macho ameyafumba. "Mawe, mama yangu! Jovi, usimjibu. Mimi husema naye kila siku, na haondoki."

Kesho yake Joviana alishuka dukani kwa Abdulghani, pale njiani, akamkuta Mwanamisi, mke wa mwenye duka, peke yake anakunja kanga. Mwanamisi huyo wazazi wake walitoka pwani na misafara ya zamani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake cha sabuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka mafuta ya taa au ushauri? Mafuta yapo."

Joviana akamwaga yote kwa pumzi moja, kijiko, beseni, tumbo la mumewe, sauti. Mwanamisi akaendelea kukunja.

"Huyo jini. Nyinyi huku mnasema mzimu, lakini mzimu ni wa mtu aliyezaliwa akafa. Jini hakuzaliwa na mama yeyote. Kala kahawa na nani?"

"Na Protase, nadhani. Na mume wangu kala na Protase."

"Basi kweli ni shemeji yako. Umeolewa vizuri!" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Na wewe ulikula?"

"Mimi?"

"Wewe. Ile kahawa yao."

"Nilinyimwa. Walisema mwanamke ni mgeni wa ukoo."

Mwanamisi akaiweka kanga chini. Akamtazama Joviana kama ndiyo kwanza anamwona leo.

"Walikunyima," akasema. "Wakajifunga wote vinywa, wewe wakakuacha na mdomo wako. Wanaume hawa! Sasa nisikilize. Yeye si mjinga, ataliona pengo hilo. Atakuletea. Kuanzia leo usile kahawa ya mtu, hata ya mama mkwe wako. Wala usimruhusu mtoto."

Kwa mtu wa huko kwetu, afadhali uambiwe usipumue. Huingii nyumba usiletewe kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi. Joviana akakataa kwa mama mkwe, na mama mkwe akageuka ukutani. Akakataa kwa jirani, wakasema anaringa, kusoma kumemwingia kichwani. Na kahawa ikaanza kumfuata. Alikuta punje ndani ya kiatu, na punje kwenye kona ya kanga yake, kwenye fundo alilolifunga mwenyewe. Alipasua kiazi kitamu kilichoiva, kizima, hakina tundu, na ndani yake, katikati ya nyama ya kiazi yenye mvuke, ilikaa nusu ya kahawa, nyekundu, na haikuwa nyekundu ya kahawa. Akakitupa. Akampiga mtoto kofi kwenye mkono aliokuwa akiunyoosha, mtoto akalia, na yeye akalia, kisha akajifuta akaenda kazini, maana kubaki nyumbani kungemsaidia nini, ikiwa kinachomfuata kimekwisha kufika nyumbani?

Jumatano asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, Protase alimngoja mlangoni. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: alikuwa amekauka, midomo imepasuka, anatetemeka mwili mzima.

"Najua utasema kesho," akasema. "Yule wa sauti ameniambia. Jovi, dada yangu, kaa chini."

"Nitasimama."

"Simama basi. Nilikuwa dresa kijana, kule machimbo ya bati, upande wa Kyerwa. Mikono yangu ilikuwa mikono ya mtu yeyote, wagonjwa walikufa. Nikawa nakunywa. Siku moja akaja mgonjwa, nguo safi, hana kidonda, nikamwuliza unaumwa nini, akasema kiu tu. Akaniambia nitakupa mikono isiyokosea, wewe uninywee, mimi sina tumbo la kunywea pombe. Tuwe ndugu. Akatoa kahawa. Nikajichanja. Nikameza." Akajifuta mdomo. "Akafungua shati lake ili nami nimchanje. Jovi, hakuwa na kitovu. Ngozi tupu, laini, kama ya chura. Na mimi nimekwisha kumeza."

Joviana akamshika mtoto miguu, akiibana mgongoni kwake.

"Rubisi haimtoshi tena," Protase akasema. "Beseni umeliona. Nikiacha kunywa, atakunywa kwa akina mama wazazi wanaotoka damu. Nikinywa, hatosheki, na mikono aliyonipa inakosea. Usiseme, dada. Mimi ndiye niliyemtoa mwanao."

"Ulimtoa," Joviana akasema, na ilikuwa kweli, mtu huyu aliyesimama akitetemeka ndiye sababu ya uzito wa moto uliokuwa mgongoni mwake. "Ndiyo maana sitamwacha mtu amzalishe Adelgunda kwa mikono hiyo. Nenda kalale, kaka Protase. Kesho nitasema."

Alhamisi uchungu ukamshika Adelgunda alfajiri. Wakamleta kwa machela, Gosbert mbele, anatembea amejishika tumbo kama yeye ndiye mzazi, watu wanamcheka, hawajui. Wakamlaza. Jua likapanda. Ndipo gari likanguruma kilimani na Bwana Placidius akashuka, Mhaya wa Bukoba, kofia, soksi ndefu nyeupe, akakagua baraza, akakagua choo, akasimama kwenye chumba cha dawa, Protase kando yake amefunga vifungo mpaka shingoni.

"Haya. Kuna tatizo lolote la kuarifu?"

"Hakuna, bwana," Protase akasema.

Frrr.

Bwana Placidius akageuka. "Nini hiyo?"

Ilitoka chumba cha Adelgunda. Mwanga ukapungua dirishani, na ukungu ambao ulikuwa umekwisha kuyeyuka tangu asubuhi ukarudi ukipanda kilima mchana huo, ukiingia barazani kwa miguu ya wagonjwa, unanuka rubisi na tope, na kuku wakanyamaza, na watu barazani wakanyamaza, na mgongoni Kokubanza, aliyekuwa akirusharusha miguu asubuhi yote, akatulia tuli, na Joviana hakujua anajuaje lakini alijua, akaifungua leso kwa mkono mmoja akamvuta mtoto mbele, na katika ngumi ile ndogo, ikiwa tayari imefika mdomoni, imegusa fizi, ilikuwako nusu ya kahawa inayochuruzika wekundu.

"Karibu kahawa kwanza, shemeji," ikasema sauti, karibu na sikio. "Kisha useme."

Akaipokonya. Ilikuwa ya moto, ilipiga kiganjani mwake kama moyo. Akaitupa sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino, ikalia.

"Bwana Mkaguzi," akasema, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia, ikafika barazani. "Dresa huyu anakunywa kazini. Alitaka kumpa mtoto lisoli. Mikono yake imekwisha. Nimeona mimi, kwa macho yangu."

Frrr, frrr, frrr, sasa haikuwa polepole, na Adelgunda akapiga kelele, "Kuna mtu chini ya kitanda! Kuna mtu!" na nje Gosbert akaanguka magoti, tumbo limefura mpaka shati likapasuka, watu wanamkimbia, na sauti ikasema, adabu yake yote imekwisha, "Umemuua mumeo! Umekula kiapo!"

"Sikula!" Joviana akapayuka. Akaenda mpaka mlango wa chumba kile. "Nilinyoosha mkono wakanicheka! Mimi ni mgeni, si walisema? Mimi sina ndugu humu wa kumsaliti! Ulimfunga Protase, na mume wangu, mimi hukunifunga, na mwanangu hukumfunga! Toka chini ya kitanda cha wazazi, wewe ambaye hakuna mwanamke aliyekuzaa!"

Ndipo kutoka nje, katikati ya maumivu yake, Gosbert akaita, "Sema, mke wangu! Sema yote!"

Na Protase akafungua vifungo, kimoja kimoja, mpaka tumbo likaonekana na kovu lake. "Ni kweli, bwana," akamwambia mkaguzi. "Nakunywa. Niandikie. Nimechoka kumnywea." Akajikunja akatapika, na katika matapishi meusi ikadunda punje moja ya kahawa, imeota mizizi.

Chini ya kitanda kitu kikapasuka kama kibuyu kinachodondokea jiwe. Uvundo ukajaa, upepo mbichi ukapita katikati yao, ukamgonga mkaguzi ukutani, ukatoka dirishani na fremu yake, na ukungu ukateremka bondeni mbio kama maji yanayokimbia mteremko. Baraza likawa na jua. Kuku mmoja akalia.

Bwana Placidius alikuwa ameegemea ukuta, soksi nyeupe zimejaa tope mpaka magotini. Akaiokota kofia yake. "Maji ya moto," akasema hatimaye. "Nguo safi. Wewe, mama, unajua kuzalisha?"

"Nimeona mara nyingi."

"Haya, mpeleke mtoto wako nje wamshike. Nawa mikono."

Mapacha walitoka wazima, wa kiume na wa kike. Joviana alipovifunga vitovu vyao aliviangalia muda mrefu, mpaka Adelgunda akamwuliza, "Wifi, vina kasoro?" Akasema, "Havina. Viko vizuri sana."

Tumbo la Gosbert lilishuka kabla ya jua. Protase alipakiwa kwenye gari la mkaguzi, mikono inatetemeka juu ya mapaja yake kama majani, na alikuwa anaitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Wanasema alipona nusu. Hakushika sindano tena, akawa anafagia hospitali moja huko Bukoba. Wako wanaosema mpaka leo kwamba Joviana alivunja omukago wa mumewe. Husema wakiwa mbali. Uchungu ukiwashika wake zao, huja kwake.

Akaja dresa mpya, mtu wa chai tu. Mwaka ukapita, Kokubanza akaanza kutembea. Na Joviana akapata tabia ambayo watu huifanyia mzaha, wanamwita mama vitovu: mwanamume yeyote mgeni akifika mlangoni, awe mzee, awe karani, awe na kola ya padri, kabla ya karibu anaambiwa, "Inua shati."

Wengi hucheka, wakainua.

Siku moja, adhuhuri, jua juu ya bati, alikuja mmoja, nguo safi, kikapu kidogo cha kahawa mkononi. Akasalimu vizuri. Akasema hana kidonda, ana kiu tu. Kokubanza aliyekuwa akicheza kizingitini akamnyooshea mkono.

"Inua shati," Joviana akasema.

Mgeni akatabasamu. Hakuinua. "Shemeji," akasema, kwa upole, "mbona unanifukuza na hujanikaribisha?"

Joviana akamwokota mtoto akamweka nyuma yake, akajaza kifua pumzi. Sauti yake siku hiyo ilisikika mpaka dukani kwa Mwanamisi chini njiani, na watu walitoka mashambani na majembe yao: "Njooni! Yupo hapa! Njooni mumwone asiye na kitovu!"